Tovuti Ikisema "500": Tutafute Kosa, Tusitafute wa Kulaumiwa

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili hata vikundi ambavyo havikupata nafasi ya kuja vifaidike.

Najua wengine wenu mmeacha kupalilia, na wengine mmeamka alfajiri ili mfike saa tatu. Kwa hivyo sitawachosha.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma lisingezungumzwa katika ukumbi huu. Vikundi vyetu vilianza na mbuzi, kuku, mizinga ya nyuki na michango ya mzunguko. Leo vingine vina tovuti, ambapo asali au viondo huonyeshwa na wateja huagiza. Hata kikundi kisicho na tovuti yake, katibu wake huingia katika tovuti za wengine kujaza fomu, kulipa ada au kutuma ripoti. Na karibu sote tumeshauona ule ukurasa mweupe wenye maneno machache ya Kiingereza: "500 Internal Server Error". Maana yake ni kosa la ndani la seva. Basi. Hakuna maelezo mengine.

Mnatikisa vichwa. Naona mnaujua.

KIKUNDI KILICHOGOMBANA

Nianze na kisa. Kikundi chenyewe sitakitaja, maana jambo lilikwisha na watu wakasameheana. Ni akina mama wanaosuka viondo upande wa Ukambani. Kijana wa mmoja wao aliwatengenezea tovuti, wakaanza kupata oda kutoka Nairobi na hata ng'ambo. Mwezi wanaoutegemea zaidi ni Novemba, kwa sababu watu hununua zawadi za Krismasi.

Alhamisi moja jioni mama mwekahazina aliingia katika tovuti akaweka picha 6 za viondo vipya. Ijumaa asubuhi mteja akapiga simu: tovuti haifunguki. Wakaangalia kwenye simu zao. Kweli, ukurasa mweupe, na namba 500.

Sasa sikilizeni. Swali la kwanza katika kikundi halikuwa "Kuna nini?" Lilikuwa "Nani aliingia mwisho?" Aliyeingia mwisho ni mwekahazina. Mkutano ukaitwa, akanyang'anywa neno la siri. Mmoja akasema pengine amefunga tovuti makusudi ili hesabu ya oda isionekane. Mama huyo alikuwa ameshika pesa za kikundi miaka 9 bila hata shilingi kupotea. Alirudi nyumbani akilia.

Halafu wakamwita fundi mmoja wa mjini. Yeye hakuangalia sana. Akasema tovuti imeingiwa na virusi, itajengwa upya kwa shilingi 30,000. Wakampa nusu. Akaanza kufuta hiki na kubadilisha kile. Siku ya tatu orodha ya oda iliyokuwa ndani ya tovuti ilikuwa imefutika, na ule ukurasa mweupe bado uko palepale. Hapo ndipo nilipoitwa.

Mwisho wa kisa nitawaambia. Kwanza tuelewe hiyo namba, maana kama wangeielewa wasingefika huko.

NAMBA INASEMA NINI

Seva ni kompyuta iliyowekwa mahali, inayowaka usiku na mchana. Kazi yake ni kutoa kurasa kwa yeyote anayeziomba. Ifananishe na mashine ya posho. Wewe unafika dirishani na debe lako la mahindi. Yule wa dirishani anapokea, ndani mashine inasaga, unapewa unga. Siku nyingine unafika na yule wa dirishani anakwambia, "Leo hakuna kusaga." Huko ndani yaweza kuwa dizeli imekwisha, mshipi umekatika, au yule kijana wa kuwasha hajafika. Wewe wa nje unasikia neno moja tu.

Kila ombi linalofika kwa seva hujibiwa kwa namba ya tarakimu 3. Mambo yakiwa sawa namba ni 200, nawe huioni kwa sababu ukurasa umefunguka. Namba hizi ni za tangu miaka ya mwanzo ya wavuti, na mwaka 1996 zilichapishwa katika kanuni za mawasiliano ya wavuti, toleo la 1.0. Ni zilezile duniani kote, hapa kwetu na huko Ujerumani.

Angalia tarakimu ya kwanza. Ikianza na 4, seva inasema shida iko katika ombi lako. Kwa mfano 404 ni kwamba ukurasa unaoutaka haupo, labda umekosea anwani. 403 ni kwamba huruhusiwi kuingia hapo.

Ikianza na 5, seva inasema: ombi lako nimelipata, lakini mimi ndiye niliyeshindwa. Kati ya hizo, nne ndizo mtakazoziona sana:

500: nimeshindwa, wala sina namba nyingine inayoeleza vizuri zaidi.
502: seva ya mbele imeuliza seva iliyo nyuma yake, ikapewa jibu lisiloeleweka.
503: kwa sasa siwezi kuhudumia, watu ni wengi mno au natengenezwa.
504: seva ya mbele imengojea ya nyuma mpaka ikachoka.

Kuna jambo kubwa hapa, na naomba makatibu waliandike. Ukiona namba hiyo, jua mtandao wako unafanya kazi. Ombi lako lilitoka kwenye simu likafika, na jibu likarudi. Kwa hivyo kubadilisha laini, kununua bando lingine au kupanda kilimani kutafuta mtandao hakutasaidia. Mtandao ukikosekana simu husema haikuweza kuunganishwa, haikwambii 500.

Mzee mmoja aliniuliza, "Kwa nini seva isiseme tu kilichoharibika?" Swali zuri. Kwanza, wakati mwingine ile sehemu inayojibu yenyewe haijui. Inaona tu kwamba kazi iliyoituma ndani haikurudi. Pili, ni kwa usalama. Maelezo ya ndani yangemwonyesha mwizi mahali pa kupenyea. Huwezi kubandika mlangoni kwamba kufuli la dirisha la nyuma limevunjika. Sababu yenyewe huandikwa ndani, katika daftari ambalo mwenye tovuti peke yake ndiye anayelisoma. Daftari hilo tutalirudia.

UKIWA WEWE NDIWE MTEJA

Tuseme uko kwenye tovuti ya mtu mwingine, umejaza fomu, ukabonyeza "tuma", ikatoka 500. Fanya hivi.

Kama ulikuwa unasoma tu, ngoja dakika chache ufungue upya. Mara nyingi huwa imepita.

Lakini kama ulikuwa unalipa au unatuma fomu, simama! Usibonyeze tena. 500 haisemi kwamba kazi haikufanyika. Yaweza kuwa malipo yalipokelewa, na kilichoanguka ni ule ukurasa wa kukwambia asante. Angalia kwanza ujumbe wa simu wa malipo, au stetimenti ya akaunti. Pesa zikiwa zimetoka, andika namba ya muamala, tarehe na saa, uwasiliane na wenye tovuti. Kuna watu wamelipa ada moja mara mbili kwa sababu ya kubonyeza tena.

Piga picha ya ukurasa huo, na uandike saa kamili. Kama ripoti ilikuwa na siku ya mwisho, picha hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba ulijaribu kwa wakati. Na msingojee siku ya mwisho! Sote tunajua hali ya tarehe 30 Juni, watu wanapokimbilia kumaliza mambo ya kodi kwa pamoja.

Unaweza pia kujaribu kwa simu ya mwenzako. Yake ikifungua na yako ikakataa, huenda kivinjari chako kimehifadhi taarifa za zamani za tovuti ile. Zifute, ingia upya. Na kama 500 hutokea kila unapopandisha picha, jaribu picha ndogo zaidi.

Na la mwisho hapa: usimpe mtu wa saiba neno lako la siri kwa sababu eti "atairekebisha". Seva iliyoharibika huko iliko haitengenezwi kwa neno lako la siri.

IKIWA TOVUTI NI YENU

Hapa ndipo kazi ilipo. Kanuni ya kwanza: usiguse kitu kabla ya kusoma daftari. Nimeshasema seva huandika sababu ndani. Daftari hilo mafundi huliita logi. Tovuti nyingi ndogo hukaa kwa kampuni inayopangisha nafasi, na kampuni hiyo huwapa ukurasa wa usimamizi. Ingia humo utafute faili liitwalo "error_log", au mahali palipoandikwa "Errors". Nenda mistari ya chini kabisa, ndiyo ya mwisho kuandikwa. Kila mstari una tarehe, saa, jina la faili na kilichotokea. Usipouelewa, unakili vile ulivyo umpelekee fundi au kampuni. Mstari mmoja wa logi unamsaidia fundi kuliko saa nzima ya maelezo.

Angalieni saa pia. Seva nyingi huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Ikiandikwa 10:00, huku kwetu ni saa saba mchana.

Kanuni ya pili: jiulize ni nini kilichobadilika. Tovuti iliyofanya kazi jana haianguki leo bila sababu. Zile nilizokutana nazo sana ni hizi:

1. Plagini, yaani vile vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye tovuti kama fomu ya oda au ya malipo. Imesasishwa ikagombana na nyingine, au imezeeka.

2. Toleo la PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, limebadilishwa na kampuni. Plagini ya zamani haiielewi lugha mpya.

3. Faili la ".htaccess" limehaririwa. Faili hili hupa seva maagizo, na herufi moja iliyokosewa humo yatosha kuangusha tovuti nzima.

4. Ruhusa za mafaili si sawa. Kawaida folda huwa 755 na mafaili 644. Wengine huweka 777 wakidhani wanasaidia, na seva nyingine hukataa kabisa kuendesha faili lililo wazi hivyo.

5. Kumbukumbu ya kufanyia kazi haitoshi, au nafasi ya kuhifadhi imejaa. Hii ya nafasi ni kama ghala: msimu hadi msimu mnaweka, hamtoi.

Kanuni ya tatu: badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ikishindikana, kirudishe kilivyokuwa ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na tovuti ikafunguka, hujui ni kipi kilichoiponya. Isipofunguka, sasa unaweza kuwa na makosa sita.

Kwa wale wanaotumia WordPress, kuna njia rahisi. Ingia kwenye mafaili, folda iitwayo "plugins" ipe jina lingine. Plagini zote zitazimika bila kufutwa. Tovuti ikifunguka, umejua mwizi yuko humo. Rudisha jina la zamani, halafu uziwashe moja moja mpaka tovuti ianguke tena. Na tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress yenyewe hutuma barua pepe kwa msimamizi ikipata kosa kubwa, na mara nyingi hutaja plagini iliyohusika. Lakini barua hiyo inakwenda kwa nani? Hilo linanirudisha kwa kisa chetu.

MWISHO WA KISA

Nilipofika niliomba kitu kimoja: daftari. Hakuna aliyekuwa amelifungua. Tulilisoma pamoja, mwenyekiti, katibu na mwekahazina wakiwa wamekaa hapo.

Daftari la wageni lilionyesha kwamba baada ya mama kuweka picha zake Alhamisi jioni, watu walifungua kurasa vizuri kwa saa nyingi. 200, 200, 200. Kisha 22:07 kwa saa ya seva, yaani saa saba na dakika saba usiku kwa saa yetu, ikaanza 500, nayo haikukoma tena. Saa hiyo mwekahazina alikuwa amelala.

Daftari la makosa lilitaja plagini ya fomu ya oda. Ilitumia amri iitwayo "create_function", ambayo iliondolewa katika PHP 8.0, toleo lililotoka Novemba 2020. Usiku ule kampuni ilihamisha seva zake kwenye toleo jipya. Je, haikuwaarifu? Iliwaarifu mara mbili. Barua zilikwenda kwa anwani ya katibu wa zamani, aliyeolewa akahamia kaunti nyingine. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha anwani.

Turekebishe vipi? Katika ukurasa wa usimamizi tulirudisha PHP 7.4 kwa muda. Tovuti ikafunguka palepale. Hatukuiacha hapo, maana PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Tukaweka plagini nyingine ya oda, tukaijaribu, ndipo tukapanda toleo jipya. Yote yalichukua mchana mmoja.

Lakini zile oda zilizofutwa? Kampuni ilikuwa na nakala ya akiba ya Jumapili iliyotangulia, tukairudisha. Oda za Jumatatu hadi Alhamisi hazikuwemo. Baadhi ya wateja walipiga simu wenyewe, wengine hatukuwajua mpaka leo. Na zile shilingi 15,000 hazikurudi.

Ndugu zangu, seva haikula pesa hizo. Zililiwa na haraka yetu. Hata hivyo, lililoniuma zaidi ni yule mama. Amri inayotukataza kumsingizia jirani haikuweka kando mambo ya kompyuta. Mwenyekiti alisimama mbele ya wanachama wote akamwomba msamaha, akamrudishia neno la siri. Mama akalipokea. Lakini alisema neno moja: "Miaka tisa ilipotea asubuhi moja." Kimya kilitanda.

HATA WAKUBWA HUANGUKA

Msidhani haya ni ya vikundi vidogo. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajiandikishe kwa bima ya afya. Mamilioni ya watu waliingia, tovuti ikalemewa. Siku ile ya kwanza ni watu 6 tu waliomaliza kujiandikisha. Serikali yenye pesa zote zile!

Ilinusurika vipi? Waliitwa mafundi wengine, mmoja wao Mikey Dickerson aliyetoka Google. Waliweka vipimo vya kuonyesha ni sehemu gani inayokwama, wakawa wanakutana kila siku. Na Dickerson aliweka kanuni za mikutano hiyo. Ya kwanza ilikuwa kwamba mikutano ni ya kutatua matatizo, na anayetaka kutupiana lawama aende akafanyie mahali pengine. Kwa miezi kama miwili tovuti ilikuwa inahudumia watu wengi.

Basi kanuni hiyo si ya Wamarekani peke yao. Hata baraza la wazee hapa linajua: ukianza na lawama, mwenye kujua atanyamaza. Yule aliyekosea kweli ataficha, na ninyi mtakosa habari mnayoihitaji.

MAMBO YA KUFANYA MKIRUDI NYUMBANI

1. Andikeni katika daftari la kikundi jina la kampuni iliyowapangishia nafasi, simu yake, na siku ya kulipia.

2. Hakikisheni anwani ya barua pepe ni ya kikundi, si ya mtu mmoja. Viongozi wakibadilika, neno la siri libadilishwe na likabidhiwe kama yanavyokabidhiwa mabuku ya hesabu.

3. Wekeni nakala ya akiba kila wiki, nje ya seva. Na oda ziandikwe pia kwenye kitabu. Kitabu hakipati 500.

4. Kila anayebadilisha kitu kwenye tovuti aandike tarehe, saa na alichofanya. Si kwa kushukiana. Ni kwa kumkinga.

5. Fundi yeyote kabla hajalipwa aonyeshe mstari wa logi unaoeleza kosa. Akishindwa kuuonyesha, asiguse.

Nimemaliza. Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Je, tovuti yetu au akaunti zetu zimeandikishwa kwa jina la nani, na barua zake zinakwenda wapi?

Kitu kikiharibika katika kikundi chetu, swali letu la kwanza huwa ni lipi?

Kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kusoma daftari? Tumfanyie nini?